Mbwa Kipara Hayupo Ngaramtoni

Kwenye vitabu vya zamani vya Wazungu kuhusu mbwa kuna kiumbe aliyenisumbua kwa muda mrefu: mbwa wa Afrika asiye na manyoya. Wengine humwita mbwa wa Uhabeshi, wengine mbwa wa mchanga wa Wazulu, na kutoka Uhabeshi hadi kwa Wazulu mtu anavuka nusu ya bara. Mmoja amekaushwa na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Tring, Uingereza, yale yaliyoanzishwa na tajiri Walter Rothschild, na waandishi humtaja kama shahidi wa ukoo mzima. Wapo pia wafugaji wa mbwa wa Kichina mwenye kishungi, ambaye naye ni kipara sehemu kubwa ya mwili, wanaosimulia kwamba babu yake alichukuliwa Afrika na wafanyabiashara wa baharini.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu habari ya kitu kupakiwa chomboni na kwenda kuuzwa ng'ambo haimshangazi mtu. Lakini mbwa kipara? Pangani sijamwona, Bagamoyo sijamsikia, na wazee wa pwani, ambao wana hadithi ya kila mnyama hadi nguva, hawana hata moja inayomhusu huyu. Basi nilipopata safari ya kwenda Arusha kwa dada yangu, nikajiambia nitawauliza watu wanaoishi na mbwa kuliko sisi. Shemeji yangu ni Mwarusha wa miteremko ya juu ya Ngaramtoni, na soko la huko huwakutanisha wakulima wanaoshuka kutoka mlimani na wafugaji wanaokuja kutoka nyanda kavu za upande wa Oldonyosambu. Kama kuna mtu katika kaskazini hii amewahi kumwona mbwa huyo, au amesikia babu yake akimtaja, siku ya soko atakuwepo.

Tulipanda Hiace Kilombero, tukabanana kama kawaida, konda akining'inia mlangoni na kuita "Ngaramtoni, Ngaramtoni, siti bado!" ilhali mama mmoja alikuwa amekalia ndoo. Sakina foleni ilitukwamisha. Baada ya hapo barabara ya Namanga ikafunguka, Meru ukiwa mkono wa kulia na wingu limeufunika kuanzia kifuani kwenda juu. Mlima huu una zaidi ya mita 4,500, na watu wa huku chini hupanga siku zao kwa kuutazama. Shemeji aliutupia jicho mara moja, akasema, "Leo mvua ipo," akarudi kwenye simu yake.

Soko la Alhamisi ni kelele, vumbi na harufu ya nyama choma. Kuna viazi mviringo na maharage yaliyomwagwa juu ya maturubai, magadi, ugoro, shuka nyekundu na za bluu, katambuga zilizokatwa kwenye matairi ya magari, na mitumba kwa wingi kuliko vyote hivyo. Mbwa wapo chini ya mabucha. Wana rangi ya mchanga au kahawia, wengine weusi wenye kifua cheupe, manyoya mafupi yaliyolala, mbavu zinahesabika, mkia unapinda kuelekea mgongoni. Hakuna anayewaita wala anayewafukuza, ila mwenye bucha akiona mmoja amesogea mno humtupia neno, naye hurudi nyuma hatua mbili kwa heshima.

Nilimuuliza muuza ngozi kama amewahi kuona mbwa asiye na manyoya kabisa. Akanitazama kwa huruma, akanyoosha kidole nyuma ya banda. "Si huyo hapo?"

Alikuwa na upele. Ngozi ya shingo na mapaja imekuwa ya kijivu, imekunjamana na kupasuka, na alikuwa akijikuna bila kupumzika. Niliuliza wengine. Dada muuza ndizi alinionyesha mbwa yuleyule. Kijana wa bodaboda akasema wako wengi, nipande anipeleke kwa elfu tatu nikawaone, nami sikuwa na shaka kwamba wote wangekuwa ndugu wa ugonjwa mmoja. Utitiri wa upele unaweza kumnyonyoa mbwa hadi akabaki uchi, na msafiri asiye na muda wa kuuliza akimkuta katika kijiji cha mbali anaweza kabisa kuandika kwamba amegundua ukoo mpya. Sisemi yule wa Tring ni hivyo. Lakini nikiwa nimesimama nyuma ya banda lile, imani yangu kwa maelezo ya wasafiri ilipungua sana.

Sayansi nayo haimsaidii mbwa kipara wa Afrika. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walionyesha kwamba mbwa vipara wa Meksiko, wa Peru na yule wa Kichina mwenye kishungi wana hitilafu moja ileile, kwenye jeni iitwayo FOXI3. Ni ujirudiaji wa herufi saba tu za kijenetiki, mahali pamoja pale pale, kwa wote. Jambo la namna hiyo halitokei mara tatu kwa bahati. Chanzo chao ni kimoja, na ushahidi wa zamani kuliko wote uko Amerika: katika makaburi ya Colima, magharibi mwa Meksiko, wafu walizikwa na sanamu za udongo za mbwa wanene takriban miaka 2,000 iliyopita, na kwenye baadhi yao ngozi tupu yenye mikunjo imechongwa wazi. Wameksiko wa kale waliamini mbwa huyo, xoloitzcuintli, humvusha marehemu mto wa kuzimu. Pia walimla. Waliishi naye kwa namna zote hizo mbili bila kuona tatizo.

Jeni hiyo ina ukatili wake. Kinachosababisha upara ni nakala moja. Mtoto akirithi mbili, kwa baba na kwa mama, hufa tumboni. Kwa hiyo ukimpandisha kipara kwa kipara, kwa wastani katika kila watoto watatu wanaozaliwa hai mmoja atakuwa na manyoya. Meno nayo hupungua, jambo ambalo Charles Darwin alilitaja katika kitabu chake cha mwaka 1859. Maana yake ni kwamba ukoo huu hauwezi kujiendesha wenyewe. Lazima kizazi baada ya kizazi awepo mtu anayeamua: huyu tunamtaka, yule mwenye manyoya hatumtaki. Ukiacha kuchagua, mbwa kipara anatoweka polepole katikati ya wenzake. Meksiko kwenyewe alikaribia kutoweka, hadi katikati ya miaka ya 1950 wapenzi wa mbwa walipoingia vijiji vya mbali kutafuta waliobaki. Wachoraji Frida Kahlo na Diego Rivera walikuwa nao nyumbani. Peru ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2001 sheria ya nchi ilimtangaza mbwa wao kipara kuwa urithi wa taifa, na leo ukitembelea magofu ya kale ya pwani ya Peru unaweza kumkuta akizurura kama mwenye nyumba.

Swali langu basi likabadilika. Nani hapa, kwenye miteremko ya Meru, angekuwa na sababu ya kufanya uchaguzi huo?

Jioni shemeji alinipeleka kwa baba yake mdogo, mzee anayekaa juu zaidi, upande wa msitu wa Olmotonyi. Njia inapita kati ya migomba na mahindi, halafu baridi inaanza. Boma halijaonekana, mbwa wakatutangulia kwa sauti. Walikuwa watatu, wakasimama njiani kwa mpangilio wa kueleweka: mmoja mbele, wawili pembeni. Mtoto alipiga mluzi, wakanyamaza, lakini hawakuondoka mpaka mzee mwenyewe alipotoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, baba. Wewe ndiye shemeji wa Tanga? Watu wa Tanga mnaogopa mbwa."

Kweli tunawaogopa, ingawa mimi ningesema tunawaheshimu kwa mbali. Pwani tumelelewa na fiqhi ya Kishafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Watoto hukua wakiambiwa ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Lakini dini hiyohiyo, katika Sura ya Al-Kahf, inamtaja mbwa wa vijana wa pangoni aliyenyoosha miguu yake kizingitini akalala nao miaka yote ile, na Sura ya Al-Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Watu wa pwani walioishi kwa kuwinda walijua tofauti hiyo; methali ya mbwa wa msasi mkali haikutungwa na watu wasiofuga. Nilimweleza mzee hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hata hapa mbwa haingii ndani. Ndani anafanya nini?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya xolo, yule kipara wa Meksiko. Mwili mweusi unaong'aa, masikio ya popo, vijinywele vichache utosini.

"Huyu anaumwa?"

"Hapana mzee. Kazaliwa hivyo."

"Na baridi ya mwezi wa saba?"

"Wanamvalisha sweta."

Mzee alilirudia jibu hilo kwa Kimaasai kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakikamua, na kicheko kikazunguka boma lote, kikaenda mpaka kwa walayoni, wavulana wa boma, waliokuwa wakiingiza mbuzi. Mmoja akauliza jambo. Shemeji akanitafsiria: anataka kujua kama sweta hiyo humzuia chui asimle.

Swali hilo halikuwa mzaha mtupu. Chui anapenda nyama ya mbwa, na msituni juu wapo. Fisi ndiye mgeni wa kila siku. Mbwa wa boma analala nje, kwenye umande na ukungu, kando ya ua wa miiba, na kazi yake ni kusikia kabla ya mtu. Mchana hufuatana na mifugo, kwenye vichaka vinavyochana. Anakula makombo ya ugali, mabaki ya loshoro, na ng'ombe akizaa hupata kondo la nyuma. Hakuna aliyewahi kumwandikia sifa za kichwa chake na urefu wa mguu wake. Ila amechujwa, na mchujo wake ni mkali kuliko wa maonyesho yoyote ya London: asiyebweka usiku hatunzwi, anayebweka ovyo hatunzwi, anayemgusa mtoto wa mbuzi haoni kesho. Kipara angemalizwa na mchujo huo bila mtu kuinua mkono. Jua la nyanda lingeanza, miiba ingeendelea, na Julai ya Olmotonyi ingemaliza.

Nilipotoka nyumbani nilikuwa namtafuta mbwa wa kale. Hapo bomani nikaanza kuelewa kwamba nilikuwa nimekaa mbele ya watatu.

Mbwa wa namna hii, mwenye manyoya mafupi, masikio ya kusimama au nusu yake, na mkia wa kupinda, anaonekana kwenye makaburi ya Misri. Huko mmoja, aliyeitwa Abuwtiyuw, alizikwa Giza zaidi ya miaka 4,000 iliyopita kwa amri ya mfalme, akapewa sanda na ubani. Jiwe linaloeleza hayo lilifukuliwa na mwanaakiolojia George Reisner mwaka 1935. Kutoka bonde la Naili mbwa waliteremka kusini, na wafugaji wa kale waliofikisha ng'ombe na mbuzi katika nyanda zetu hizi takriban miaka 3,000 iliyopita ndio wanaodhaniwa kuwa njia yao kuu. Haikuwa safari rahisi. Mwanaakiolojia Peter Mitchell wa Oxford aliandika mwaka 2015 kwamba huenda magonjwa ndiyo yaliyowachelewesha mbwa kusambaa kusini mwa Sahara: nagana inayoletwa na mbung'o, homa za kupe, leishmania. Mbwa wa kwanza kufika lazima walikufa kwa wingi. Waliobaki wakazaa waliobaki.

Kuna kitu cha kufurahisha hapo, kwa sababu ukirudi chini barabarani unapita taasisi ya viuatilifu ambayo kwa miaka mingi iliitwa TPRI, na wataalamu wake walihangaika kwa miongo kadhaa na wadudu wale wale: mbung'o, mbu, kupe. Mbwa wanaojikunyata nje ya uzio wake wamebeba matokeo ya jaribio refu kuliko lolote lililofanyika ndani.

Na damu yao imepimwa, walau ya majirani zao. Mwaka 2009 kundi la watafiti likiongozwa na Adam Boyko lilichapisha matokeo ya vipimo vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wengi walikuwa na asili ya kienyeji kweli. Kinyume chake, mbwa maarufu wanaouzwa kwa jina la Afrika, kama yule anayeitwa mbwa wa Farao na yule wa Rhodesia mwenye mstari mgongoni, walionekana kuwa na damu ya Ulaya zaidi kuliko ya huku. Basenji wa Kongo, yeye, alikuwa wa kwetu. Nililisoma hilo kwa mzee kwa muhtasari. Hakushangaa: mbwa wa kienyeji ni wa kienyeji, alisema, alitegemea awe wa nani?

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Arusha si kisiwa. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1900, miaka michache baadaye wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, halafu Waingereza, Wagiriki na wengineo wenye mashamba, na kila mwenye shamba alikuja na mbwa wake. Leo ukitembea Sakina au Njiro utakuta nyuma ya kila geti kubwa jamani shepherd, au chotara wake mwenye masikio yasiyojua yasimame au yalale. Vijana wa Ngaramtoni wanalijua soko hilo. Mtoto wa mbwa mwenye nusu ya damu hiyo ana bei. Wa kienyeji mtupu unapewa bure, kwa kawaida pamoja na baraka na ombi kwamba usimrudishe. Kwa mzee mwenyewe, mmoja wa wale watatu alikuwa na mgongo mweusi na kifua kipana kisicho cha huku. Nilipouliza, alisema mama yake alishuka mjini akapotea wiki moja.

Katika maboma haya hakuna anayelinda usafi wa damu. Wanalinda ng'ombe. Mtoto wa mbwa akionekana mwoga hukatwa ncha za masikio, wengine humlisha pilipili au nyigu ili awe mkali, mambo ambayo bwana mifugo anayapinga kila mwaka na kila mwaka yanafanyika. Na majina! Simba, Popi na Tomi wapo kila mahali, ila boma la jirani lina mbwa aitwaye Hayawahusu. Ukimwita kwa sauti jioni, majirani wote wanasikia ujumbe, na hakuna kesi inayoweza kufunguliwa.

Bwana mifugo nilimkuta kesho yake. Yeye hahesabu ukale wala ukoo, anahesabu sindano. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini, wengi wao watoto, na kukizuia kunahitaji kuchanja takriban mbwa saba katika kila kumi, mwaka hadi mwaka, bila kuruka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na akimbilie hospitali siku hiyohiyo. Alinikumbusha pia mwaka 1994, wakati distempa, ugonjwa wa mbwa, ilipoingia Serengeti ikaua theluthi moja ya simba, takriban 1,000, na mbwa wa vijiji vya kandokando wakahusishwa na chanzo chake. Mbwa aliyepita kwenye chujio la mbung'o na kupe kwa miaka elfu kadhaa hana chujio la kila kitu.

Niliporudi kumuaga mzee, nilimpa habari ya basenji, kwa sababu nilihisi ana haki ya kuijua. Mbwa hao wa msitu wa Kongo, wasiobweka, wanaovalishwa kengele ya mti wanapowinda, walipelekwa Uingereza mwaka 1895 na muda si mrefu wakafa kwa distempa. Miaka ya 1930 wakapelekwa wengine, na mwaka 1937 wakaonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, watu wakajaa kuwatazama. Wazungu wakawapenda, wakawafungia kitabu cha ukoo: asiyeandikwa humo si basenji. Waanzilishi walikuwa wachache. Baada ya miongo michache damu ikajirudia, magonjwa ya figo na ya damu yakaota mizizi. Ikabidi mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani wafunge safari mpaka vijijini Zaire kuomba watoto wa mbwa wa kawaida, wale wasio na karatasi, na mwaka 1990 chama chao kikafungua kitabu ili wageni hao waandikwe.

Mzee alitaka nirudie sehemu moja.

"Walipanda ndege?"

"Walipanda ndege."

"Kufuata mbwa wa kijijini."

"Ndiyo, mzee."

Akawaza. Jike lake la rangi ya mchanga, alisema, lina mimba, na safari hii ana hakika ya dume, kwa sababu walimfungia uani. Nikifahamiana na hao Wamarekani niwape namba yake. Shemeji akamuuliza kwa utani atawauzia kwa kiasi gani, maana jana tu alikuwa akitafuta wa kuwachukua bure.

"Hao wa bure ni wa jirani," mzee alisema. "Mtu akija na ndege tunaongea kwa dola."